Ahadi na Mwili Wake

Katika somo la kuandika programu kuna mada moja ambayo wanafunzi wengi wa mwaka wa pili huipita kama teksi inavyopita kituo kisicho na abiria. Mada hiyo ni kiolesura. Huikariri kwa ajili ya mtihani, huiandika kwenye karatasi ya majibu, kisha huisahau. Sababu yake naijua. Kiolesura chenyewe hakifanyi kazi yoyote. Ukikiandika peke yake hakihesabu, hakichapishi, hakihifadhi. Ni orodha ya kazi ambazo mwingine ameahidi kuzifanya. Mwanafunzi anayetaka kuona kitu kikitokea kwenye skrini huuliza: basi kina faida gani?

Mimi nasoma chuo kikuu hapa Kampala, na masomo yangu mawili ni Kiswahili na kompyuta. Wenzangu wa kompyuta hunishangaa kwa sababu ya Kiswahili, na wenzangu wa Kiswahili hunishangaa kwa sababu ya kompyuta. Katika insha hii nataka kueleza jinsi kiolesura kilivyopata maana kwangu, si darasani, bali miongoni mwa wanawake 24 wa soko la Kalerwe na kisanduku chao cha chuma.

Tuanze na maana. Lugha ya Java, iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1995 kutokana na kazi ya James Gosling na wenzake, hujenga programu kwa klasi. Klasi ni kama ramani ya nyumba: inaeleza kitu kitakuwa na taarifa gani na kitaweza kufanya nini. Zile kazi ambazo kitu kinaweza kufanya huitwa methodi. Kiolesura nacho kinataja majina ya methodi, kinasema kila moja inapokea nini na inarudisha nini, lakini hakielezi kazi yenyewe inafanywaje. Klasi inayotaka kukitimiza hutangaza hivyo waziwazi, na tangu hapo inalazimika kuandika mwili wa kila methodi iliyotajwa. Ikiruka hata moja, kompaila inakataa. Haisemi tutaona kesho. Inakataa.

Jambo la pili la kukumbuka ni hili: katika Java klasi ina mzazi mmoja tu, lakini inaweza kutimiza violesura vingi. Mfano wangu ni senga. Huku kwetu Buganda ndivyo tunavyomwita shangazi. Senga ana mama mmoja, aliyemzaa. Lakini sokoni ni muuza matoke, kwenye chama ni mhesabu wa fedha, na kanisani ni mwanakwaya. Mwalimu wa kwaya hana haja ya kujua bei ya matoke; anachotaka ni sauti ya pili ifike kwa wakati. Mteja naye hajali kama senga anaimba. Kila mmoja anamjua kwa ile ahadi inayomhusu, na nyingine zinabaki kuwa mambo yake senga.

Sasa nije kwenye chama. Ni chama cha kuweka na kukopa cha aina iliyoanzia Niger mwaka 1991 na kuenea sehemu nyingi za Afrika. Wanachama wana kisanduku cha chuma chenye kufuli tatu. Funguo wanazo wanawake watatu tofauti, na kisanduku chenyewe hulala kwa mwanamke wa nne, ili asipatikane mtu mmoja mwenye uwezo wa kukifungua peke yake. Kila Jumapili alasiri kila mwanachama hununua hisa, kuanzia moja hadi tano, na kila hisa ni shilingi 5,000. Wenye shida hukopa na kurudisha kwa riba ndogo. Mwisho wa mwaka fedha zote hugawanywa kufuatana na hisa. Tuseme wameuza hisa 3,600, yaani shilingi 18,000,000, na riba imeongeza 3,600,000. Jumla ni 21,600,000, na kila hisa sasa ina thamani ya shilingi 6,000. Mwenye hisa 150 ataondoka na 900,000. Kwa muuza nyanya fedha hizo ni paa la nyumba. Kwangu mimi zilikuwa karo: muhula wangu wa kwanza chuoni ulilipwa kwa mkopo ambao senga aliuchukua kutoka kisanduku hicho. Kwa hiyo nilipoombwa kuwatengenezea programu ya kuhesabu, halikuwa zoezi la darasani.

Kwa nini walihitaji programu, na daftari wanalo? Jibu liko mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, serikali ilipiga marufuku mikusanyiko, na wauzaji wa vyakula waliotaka kuendelea na biashara waliambiwa walale humo humo sokoni. Wenye funguo tatu hawakuweza kukutana, na kisanduku kikabaki kimefungwa. Ndipo wanachama walipoanza kumtumia mhazini michango kwa simu. Marufuku ilipoondolewa, kisanduku kilifunguliwa tena, lakini simu hazikurudi nyuma. Leo wengine huleta fedha mkononi, wengine hutuma kwa mtandao huu wa simu, wengine kwa mtandao ule. Daftari la mhazini lilizoea njia moja ya kulipa. Sasa njia ni tatu, na kila njia ina tabia yake.

Tulikuwa wawili katika kazi hiyo, mimi na rafiki yangu tunayesoma naye kompyuta. Yeye alipendekeza njia ya mkato: tuandike klasi moja ya malipo, na ndani yake tuweke masharti. Kama ni fedha mkononi, fanya hivi. Kama ni mtandao wa kwanza, fanya vile. Kama ni wa pili, fanya vingine. Nilichukua karatasi tukahesabu pamoja ni mahali pangapi programu ingehitaji kujua aina ya malipo. Tulipata saba: kupokea mchango, kuandika kitabu cha mwanachama, kutoa mkopo, kupokea rejesho, kuhesabu ada, kutoa ripoti ya Jumapili na kugawa mwisho wa mwaka. Mahali saba mara njia tatu ni masharti 21. Ikiongezwa njia ya nne, lazima mtu apite mahali pote saba bila kusahau hata pamoja. Kwenye fedha za watu, neno hilo "bila kusahau" ni zito mno.

Nikapendekeza tuandike kiolesura, tukiite Malipo, na kila njia ya kulipa iwe klasi yake inayokitimiza. Sehemu nyingine zote za programu zingezungumza na Malipo tu, bila kujua nyuma yake kuna noti au kuna simu. Rafiki yangu alikubali, akauliza swali ambalo ndilo lilikuwa kazi yenyewe: kiolesura hicho kiwe na methodi zipi?

Hapo niligundua kwamba hatukuwa na jibu, na kwamba jibu halikuwa kwenye kompyuta. Tukaenda Kalerwe siku ya Jumapili, tukaomba nafasi baada ya hesabu. Niliwauliza wanachama: malipo yoyote yale, yakija kwa njia yoyote ile, lazima yaweze kujibu maswali gani kabla hamjayakubali? Walifikiri haraka kuliko sisi. Ni ya nani? Ni kiasi gani? Ni ya nini, hisa au rejesho la mkopo? Nikaandika tatu. Kisha mhazini, mama mmoja mwenyeji wa Arua aliyekua na Kiswahili tangu utotoni, akainua mkono.

"Mwanangu," akaniambia, "umeuliza pesa ngapi zimetumwa. Uliza pesa ngapi zimefika."

Pakawa na mjadala wa karibu saa nzima. Uganda ilianza kutoza kodi kwenye pesa za simu mwezi Julai mwaka 2018, kwanza asilimia 1, na baadaye mwaka huo huo ikapunguzwa kuwa asilimia 0.5 ya fedha zinazotolewa. Kwa hiyo mwanachama akituma shilingi 25,000 za hisa tano, mhazini akizitoa ili azitie kisandukuni, serikali inachukua 125, na juu yake kuna ada ya kutolea. Aliyeleta 25,000 mkononi ameleta 25,000 kamili. Je, hawa wawili wana hisa sawa? Waliotumia simu walisema ndiyo, kwa sababu wao hawakupanga kodi. Walioleta noti walisema hapana, kwa sababu upungufu unalipwa na kisanduku, na kisanduku ni cha wote. Mmoja aliyekuwa amekaa nyuma alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka kadhaa amekuwa akiliona jambo hilo, ila hakujua aliseme wapi.

Waliamua kwa kura: anayetuma kwa simu aongeze ada ya kutolea, na hisa zihesabiwe kwa kile kilichofika. Methodi ya nne ikazaliwa, nikaiita kiasiKilichofika. Ya tano nayo ilitoka kwa mhazini: malipo yathibitishwe na nini? Fedha za mkononi huthibitishwa na wahesabu wawili wanaozihesabu mbele ya wote. Fedha za simu huthibitishwa na namba iliyo kwenye ujumbe wa simu yake. Ahadi ni moja, thibitisha, na miili ni miwili isiyofanana hata kidogo.

Naomba msomaji asimame hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokielewa kiolesura. Vitabuni husemwa kwamba kinasaidia kutenganisha kinachofanywa na namna kinavyofanywa. Ni kweli, lakini maneno hayo yanaficha jambo: ili uvitenganishe, lazima kwanza watu wakubaliane kinachofanywa ni nini. Kama tungeandika yale masharti 21, programu ingefanya kazi, na swali la nani analipa ada lingebaki limezikwa ndani ya msimbo, likiamuliwa na vijana wawili wa chuo bila wenye fedha kujua. Kiolesura kililitoa swali nje likawekwa mezani, penye kufuli tatu na macho 48.

Faida nyingine zilikuja taratibu. Ya kwanza ni majaribio. Kujaribu programu ya fedha kwa fedha halisi ni gharama, maana kila shilingi inayotoka kwenye simu inakatwa. Kwa hiyo tuliandika klasi nyingine inayotimiza kiolesura kile kile, lakini yenye fedha za kubuni. Mgao wa mwisho wa mwaka ulijaribiwa mara nyingi kwa mamilioni ambayo hayapo, na programu haikujua tofauti, kwa kuwa haikuhitaji kujua.

Ya pili ilionekana siku ya Jumamosi moja, mtandao mmoja wa simu ulipobadilisha mpangilio wa ujumbe wake wa kuthibitisha malipo. Programu yetu husoma ujumbe huo kutoka simu ya mhazini. Ghafla ikawa haioni namba ya malipo. Kesho yake kulikuwa na mama wa kukopeshwa fedha za matibabu ya mtoto, na bila hesabu ya michango hakuna mkopo unaotoka. Nilifungua klasi moja tu, ya mistari isiyofika 50, nikarekebisha sehemu inayosoma ujumbe, tukaijaribu usiku huo. Hesabu ya hisa, mikopo na mgao hazikuguswa. Jumapili saa kumi mkopo ulitoka. Yule mama hakujua kwamba kulikuwa na tatizo, na hivyo ndivyo inavyopasa kuwa.

Ya tatu ni mwanachama aliyepata kazi Dubai. Alitaka kuendelea na hisa zake kwa kutuma kupitia benki. Tuliongeza klasi moja, ikajibu maswali matano, basi. Na yeye, kwa kiasi kilichofika, ni mwanachama sawa na wengine.

Hata hivyo sitaki kukisifia kiolesura kupita kiasi. Ahadi ikishatolewa ni vigumu kuibadilisha. Wabunifu wa Java wenyewe walikutana na ugumu huo. Walipotaka kuviongezea violesura vya zamani vya orodha na mikusanyo methodi mpya katika toleo la 8, lililotoka mwezi Machi mwaka 2014, walijua kwamba kila klasi duniani iliyokuwa imetimiza violesura hivyo kwa mkono wake ingekosa mwili wa methodi hizo mpya, na isingekubalika tena kwa kompaila. Wakalazimika kuruhusu kiolesura kibebe mwili wa akiba, utumike pale ambapo klasi haikuandika wake. Wanawake wa Kalerwe wana njia rahisi zaidi: kanuni za chama hazibadilishwi katikati ya mwaka. Anayetaka kuongeza sharti husubiri mgao upite, kisha kila mmoja huamua kama anaingia tena. Nimeona ni busara, na programu yetu inafuata ratiba hiyo hiyo.

Tena rafiki yangu alikuwa na haki katika jambo moja. Si kila klasi inahitaji kiolesura. Kuna wanafunzi ambao wakishakielewa huanza kukiweka kila mahali, kiolesura kimoja kwa kila klasi moja, hata kwa kitu ambacho hakitakuwa na namna ya pili milele. Hiyo ni kumshonea mbuzi kanzu. Kitabu cha mwanachama, kwa mfano, tumekiacha kiwe klasi ya kawaida, kwa kuwa kitabu ni kimoja. Kiolesura kinafaa pale penye namna nyingi za kutimiza jambo moja, au pale ambapo wanaohusika hawapaswi kuingiliana.

Mwisho nataka kusema neno kuhusu Kiswahili, kwa sababu masomo yangu mawili yalikutana katika kazi hii. Chama kile kina Waganda, Wasoga, Waacholi, Walugbara na mama mmoja kutoka Kisangani. Kiganda hutawala mazungumzo, lakini majina ya methodi tuliyaandika kwa Kiswahili kwa ombi la mhazini, ambaye Kiingereza hakimwendei vizuri na ambaye alitaka aweze kusoma ripoti bila mkalimani. Wazee wawili walisita. Kwa watu wa rika lao hapa Kampala, Kiswahili bado kinabeba kumbukumbu ya wanajeshi na vizuizi vya barabarani, na sidhani ni haki kuwacheka kwa hilo. Lakini neno "thibitisha" walilielewa mara moja, na mmoja wao ndiye anayelitamka kwa sauti kila fedha inapohesabiwa.

Katiba ya Uganda ilirekebishwa mwaka 2005, na Kiswahili kikatajwa kuwa lugha rasmi ya pili, kitumike kwa namna ambayo Bunge litapanga kwa sheria. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaidhinisha kwamba Kiswahili kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Kati ya hapo ilipita miaka 17. Nikiutazama mstari ule wa katiba kwa macho ya mwanafunzi wa kompyuta, naona kiolesura: jina la kazi limetajwa vizuri, mwili haumo. Tofauti ni kwamba nchi haina kompaila. Hakuna kinachokataa kuendelea mpaka walimu wapatikane, vitabu vichapishwe na vipindi viwekwe kwenye ratiba. Ahadi inaweza kukaa miaka mingi na kila mtu akaendelea na shughuli zake.

Simlaumu aliyeandika mstari ule. Kama usingeandikwa, mimi nisingekuwa na mahali pa kusimama ninapoomba nafasi ya kufundisha. Kiolesura bila klasi hakifanyi kazi, lakini klasi bila kiolesura hukosa wa kuiita. Mwaka ujao nitamaliza shahada na kwenda kufundisha Kiswahili na kompyuta popote nitakapopangiwa, na najua shule nyingi zina nafasi ya Kiswahili kwenye karatasi tu. Nikifika huko nitaandika mwili wa methodi moja, ile iliyo mbele yangu: darasa moja, vipindi vya wiki moja, watoto waliopo.

Kuhusu chama, mgao wa Desemba uliopita ulihesabiwa kwa njia mbili, kwa programu na kwa daftari la mhazini, mbele ya wanachama wote. Hesabu zililingana hadi shilingi ya mwisho. Mhazini amekataa kuliacha daftari, na mimi sikumshawishi aliache. Alisema daftari nalo ni malipo ya namna yake: lina jina, lina kiasi, lina kilichofika, na linathibitishwa na mkono wake mwenyewe.